Nguo ya Kutokea Hospitali

Orodha ilikuwa imeandikwa nyuma ya karatasi ya daftari: nepi za kitambaa sita, fulana tatu, rompa tatu, kofia mbili, soksi, shali nzito moja, pamba, beseni, sabuni. Hayo ndiyo nesi wa kliniki alikuwa amewaambia. Chini kabisa dadangu alikuwa ameongeza yake: "ya kutokea, MPYA." Neno la mwisho alilipigia mistari miwili.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi ambayo hata chai haiisaidii. Nilitumwa mimi kwa sababu kwetu ni mimi pekee ambaye kazi yake haina saa za kueleweka. Nilipewa elfu mbili. Dadangu angejifungulia Pumwani, na ukitoka lango la Pumwani, ukiteremka tu kwa miguu, uko Gikomba. Ati nguo za mtoto ninunue wapi kwingine?

Mathe aliposikia habari ya "mpya" alicheka. "Kwani nyinyi mlitokea na nini?" Halafu akaingia chumbani, akarudi na sweta ya manjano ambayo nilikuwa nimeiona kwa picha tu. Kwenye picha niko na mwaka mmoja na inanifika magotini, kwa sababu Mathe, kama wazazi wote ninaowajua, hununua nguo ya mtoto ikiwa kubwa ili imkute mbele. Ndani ya kola kuna kipande cheupe cha kitambaa kimeshonwa kwa mkono. Kiliandikwa jina la mtoto. Maji yamelifuta, imebaki herufi T. Jina langu halina T.

Nilizaliwa mwaka 1998. Kakangu ni wa 1987, dadangu wa 1993. Jioni ile Mathe alitueleza kila mmoja alivalishwa nini, na nikaona kwamba historia ya nguo katika nchi hii imelala kwetu nyumbani vitanda vitatu. Kakangu alitokea na nguo mpya kutoka Biashara Street. Dadangu alitokea na nguo za kakangu. Mimi nilitokea na nguo za watu tusiowajua. Sasa ile mistari miwili chini ya neno MPYA ikaanza kunisomeka vizuri. Dadangu hajawahi kuwa na nguo ya utotoni iliyokuwa yake.

Ukiuliza watu ni lini Wakenya walianza kuvalisha watoto nguo zilizovaliwa, wengi watakuambia miaka ya tisini, mitumba ilipofurika. Ni kweli, lakini ni mkia wa hadithi. Kabla ya hapo kuna kiwiliwili kizima.

Nilisoma historia chuoni mihula mitatu kabla ya karo kunishinda, na kwa mihula hiyo nilisikia sana kuhusu merikani. Bidhaa ya misafara: pembe za ndovu zinateremka Pwani, kitambaa kinapanda bara. Hakuna mhadhiri aliyeuliza kile kitambaa kilimfunika nani usiku. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sultan Said, na mwaka 1837 balozi wake mdogo wa kwanza, Richard Waters, akatua Unguja. Waters alikuwa mtu wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts, na meli za Salem ndizo zilizoleta ile pamba nzito, isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya jimbo hilo. Watu waliipenda kwa sababu ilikuwa ngumu kuchanika, wakaipa jina la ilikotoka. Ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Ilinunua mahindi, ikalipa wapagazi, ikatoa hongo ya kupita kwenye nchi ya mtu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 na pamba ikakosekana, kitambaa cha Uingereza na cha Bombay kilichukua nafasi. Lakini jina lilikataa kuondoka. Nenda leo kwa fundi yeyote wa cherehani, umwambie unataka amerikani, hatakuuliza unamaanisha nini.

Hiyo Massachusetts iweke kando kidogo, tutairudia.

Kabla ya merikani kufika bara, mtoto alilazwa kwenye ngozi. Wakikuyu walikuwa na ngoi, mbeleko ya ngozi iliyolainishwa kwa mafuta hadi ikawa kama kitambaa. Pwani kulikuwa na leso. Hapo Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, ile ambayo leso zake zilikuja kujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla, na duka lingali mtaa wa Biashara hadi leo. Lakini leso ya mtoto mchanga haikutoka dukani. Ilitoka kwa mama. Leso iliyofuliwa miaka mitatu, rangi imekwisha kung'aa, uzi umelegea, hiyo ndiyo iliyokatwa nepi, kwa sababu leso mpya ina gundi na inakwaruza. Nyanya wa Pwani angekuona mjinga kumvisha mchanga kitambaa kigumu cha dukani. Hili ndilo lililonishangaza zaidi nilipolifikiria: nguo iliyovaliwa haikuwa aibu. Kuvaliwa ndiko kulikoifanya ifae. Tofauti ni kwamba ulimjua aliyeivaa.

Aibu ilikuja na mji. Nairobi ilijengwa kwa kutenga watu, na nguo ilikuwa moja ya njia za kujua nani ni wa wapi. Wahindi waliuza nguo katika Bazaar yao, ambayo wazungu waliichoma mwaka 1902 wakidai wanazuia tauni, ikainuka tena, na ndiyo wazazi wetu walikuja kuijua kama Biashara Street. Mwafrika alipewa Pumwani. Mwaka 1926 ikajengwa hapo nyumba ya kujifungulia iliyopewa jina la Lady Grigg, mke wa gavana, ndiyo hospitali ya Pumwani ya leo. Pamoja na mkunga wa kisasa likaja wazo la mtoto wa kisasa: avae kofia, avae soksi za kufuma, awe na sweta. Mwaka 1952 serikali ya mkoloni ikaanzisha Maendeleo ya Wanawake, na vikundi vyake vikafundisha kina mama kushona, kufuma na kulea mtoto kwa mtindo huo. Huo ulikuwa mwaka wa Hali ya Hatari. Wanaume wanakamatwa, wanawake wanafundishwa soksi. Sitasema zaidi, ila kila ninapoona soksi za kufuma za rangi ya waridi hukumbuka tarehe hiyo.

Nguo mpya ya mtoto iliyotengenezwa Kenya, kwa pamba ya Kenya, na mfanyakazi wa kawaida akaweza kuinunua, ilidumu muda mfupi kuliko tunavyodhani. Baada ya uhuru serikali ilizuia nguo za nje na kusukuma viwanda vya ndani. Thika Cloth Mills ilikuwa imeanza mwaka 1958. Ikaja Kicomi kule Kisumu, Mountex kule Nanyuki, Rivatex kule Eldoret katikati ya miaka ya sabini. Hicho ndicho kitanda cha kakangu. Mathe alikuwa karani, mshahara wa kwanza wa mwezi aliojua ana mimba alienda nao Biashara Street. Anakumbuka muuzaji alivyoikunjua ile fulana juu ya kaunta ya kioo na kumwambia aishike aone uzito wake. Anakumbuka pia kwamba alinunua fulana mbili tu, na kwamba zililiwa karibu nusu ya pesa alizokuwa nazo. Sehemu hiyo tunaisahau tunapozisifu enzi za viwanda. Nguo ilikuwa yetu, ilikuwa nzuri, na ilikuwa ghali. Watoto wengi wa Kenya walipata nguo mpya Krismasi, na mtoto wa pili alimngoja wa kwanza akue.

Kufikia 1993, mwaka wa dadangu, hata fulana mbili zilikuwa ndoto. Goldenberg ilikuwa imefyonza hazina, shilingi ikaanguka, bei zikapanda wiki kwa wiki. Mathe alitoa boksi chini ya kitanda, akachemsha zile za kakangu, akazianika. Za mvulana, rangi ya samawati, kwa msichana. Dadangu analijua hilo kwa sababu majirani walimwita "kijana" hadi alipoanza kusuka nywele.

Miaka hiyohiyo milango ikafunguliwa. Hapo awali nguo kuukuu ziliingia kama msaada, au kwa njia za panya mpakani. Kwa masharti ya wakopeshaji, soko likafunguliwa mapema miaka ya tisini, na mitumba ikaanza kuteremka Mombasa kwa kontena. Mtumba maana yake ni mzigo tu, furushi. Ni Wakenya na majirani zetu walioifanya kuwa aina ya nguo. Wengine waliiita kafa Ulaya, kwa imani kwamba hakuna mtu mzima na akili zake anayetoa koti zuri hivyo akiwa hai.

Mara nyingi inasemwa kwamba mitumba iliua viwanda. Mimi naona hiyo ni nusu ya kesi. Wakulima wa pamba walikuwa wameshachoka kungoja malipo ya bodi. Mashine zilikuwa zimezeeka, umeme ghali, madeni juu ya madeni. Kicomi na wenzake walikuwa wagonjwa tayari. Mitumba iliwakuta kitandani ikawamalizia. Rivatex ilifungwa mwaka 2000, Chuo Kikuu cha Moi kikaja kuinunua baadaye, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya kwa hotuba na utepe. Angalia kilichobaki kimesimama muda wote huo: sare za shule. Hakuna mtoto wa Ulaya aliyevaa sweta ya kijani yenye mistari miwili ya njano ya shule ya msingi ya mtaani kwenu. Hapo mtumba haukupata pa kuingilia.

Gikomba asubuhi, kabla jua halijatoka, utaona watu na tochi. Belo linakatwa nyaya, linapumua, linavimba, na watu wanaruka. Nguo safi isiyo na doa huitwa kamera, na hiyo huondoka kabla wewe mwenye usingizi hujavuka Kamukunji. Inayobaki mwisho kabisa ni fagia. Belo la kilo 45 la jinzi halina vipande vingi, lakini kilo hizohizo za nguo za watoto wachanga ni mamia. Kwa hiyo ndipo wanawake wengi wenye mtaji mdogo huanzia. Watatu wanachanga belo moja, wanagawana chini ya turubai, kila mtu na gunia lake, mmoja anapeleka Toi, mwingine Kawangware, wa tatu anabaki hapo hapo.

Na kuna siri ambayo kila mama Gikomba anaijua. Suruali ya mtu mzima huja mtumbani kwa sababu imechoka. Rompa ya mtoto huja kwa sababu mtoto amekua. Amevaa wiki sita, pengine mara nne, akaipita. Kwa belo zote zinazotua Mombasa, la watoto ndilo lililo karibu zaidi na upya.

"Baba nani?" ndivyo mama mmoja alivyoniita nikiinama juu ya rundo lake.

"Si baba, mama. Mimi ni mjomba."

"Mjomba ni mkubwa kuliko baba. Hizi ni mia, hizo za upande huo hamsini. Usichague kama unapanga maharagwe, chukua."

Nilichukua, lakini nilipanga maharagwe. Nikasoma lebo, tabia mbaya ya watu walioacha shule. Rompa ya kwanza: Carter's. Kampuni hiyo ilianzishwa na William Carter mwaka 1865 katika mji wa Needham. Needham iko Massachusetts. Karibu miaka mia mbili tangu meli za Salem, na jimbo lilelile bado linamfunika mtoto wa Nairobi. Kilichobadilika ni kwamba zamani kitambaa kilikuja kipya na kikalipwa kwa pembe. Sweta iliyofuata: Mothercare, duka la Kiingereza lililoanza mwaka 1961. Maduka yake yote ya Uingereza yalifungwa Januari 2020. Kule limezikwa, Gikomba bado linauza. Nikacheka peke yangu: hii sasa ndiyo kafa Ulaya yenyewe.

Halafu suruali ndogo ya jinzi, kiuno cha mpira, umri wa miezi kumi na minane. Lebo ilisema imetengenezwa Kenya. Nilimwonyesha yule mama. Hakushangaa hata kidogo. "Hizo hutoka Athi River," akasema, "dada yangu alikuwa huko." Viwanda vya EPZ vya Athi River vimeshona nguo kwa ajili ya soko la Marekani tangu sheria ya AGOA ilipopitishwa mwaka 2000. Kwa hiyo hiyo suruali ilishonwa kilomita thelathini hivi kutoka mahali nilipokuwa nimesimama, ikavuka bahari, ikavaliwa na mtoto wa huko hadi akaipita, ikatolewa sadaka, ikapangwa, ikafungwa kwenye belo, ikarudi. Mshonaji wake kama ana mtoto, pengine alimnunulia nguo papa hapa. Bei yake ilikuwa mia moja. Niliinunua, ingawa haikuwa kwenye orodha na mtoto angeingoja mwaka mzima na nusu.

AGOA hiyo ndiyo fimbo pia. Mwezi Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba polepole hadi 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na 2017 Kenya ikarudi nyuma kimyakimya. Rwanda ilikataa kurudi, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu ya AGOA. Tuliogopa kupoteza kazi za kuwashonea Wamarekani nguo mpya, basi tukaendelea kununua zao kuukuu. Mwaka 2019 ziliingia takriban tani 185,000. Mwaka uliofuata, korona ilipofika, serikali ilipiga marufuku mitumba kuanzia Machi hadi Agosti. Wodi hazikupigwa marufuku. Watoto waliendelea kuzaliwa uchi kama kawaida, na boksi za chini ya kitanda zikatolewa tena.

Kisha mwaka 2022 Raila Odinga, akizindua manifesto yake, akasema viwanda vifufuliwe kwa sababu tunavaa nguo za watu waliokufa. Nchi nzima ilimrukia. Alijaribu kueleza alichomaanisha, lakini wapi. Mimi nadhani alichokosea si hesabu ya viwanda. Aliwagusa watu pale ambapo kila mmoja ana picha nyumbani, mtoto wa mwaka mmoja ndani ya sweta inayomfika magotini.

Pesa zilikuwa zimebaki mia nane na kidogo. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15, na waliookoka walirudi kupigilia mabati mahali palepale. Nilipita katikati ya vibanda hivyo nikielekea Eastleigh kutafuta neno lenye mistari miwili. Huko nako kuna hadithi: Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni hadi wakimbizi wa Kisomali, mapema miaka ya tisini, walipoanza kuuzia vyumbani, kila kitanda kikawa duka. Kutoka hapo yakaota maduka ya ghorofa unayoyaona leo. Nguo mpya za watoto zimejaa, za China, za Uturuki, zimening'inia ndani ya nailoni zao safi. Nilishika suti moja nyeupe, koti, suruali, kofia na viatu vya kitambaa, vyote kwenye boksi lenye dirisha. Niliishika kama yule muuzaji wa Biashara Street alivyomwambia Mathe afanye. Ilikuwa nyepesi kama karatasi. Ile rompa ya Massachusetts kwenye mfuko wangu, ya mia moja, ilikuwa na pamba mara mbili yake. Suti ilikuwa mia saba.

Nililipa.

Mathe alichemsha zile za Gikomba kwenye sufuria, akatia Dettol, akazifua mara mbili, akazianika juani, kisha akazipiga pasi ndani na nje. Hiyo suti nyeupe aliitazama tu ndani ya boksi lake. "Hii hata upepo wa Pumwani itaushinda?" Siku ya kutoka kulikuwa na manyunyu. Mathe alikuwa amebeba ile sweta ya manjano kwenye mkoba, nilimwona akiitoa. Dadangu alitikisa kichwa. Akamvisha mtoto suti yake nyeupe peke yake, kipande kwa kipande, hadi vile viatu ambavyo havikuwa na kazi yoyote. Tukamfunga kwa shali, na juu ya shali Mathe akaongeza leso yake aliyokuwa ameivaa, na tukaingia kwenye teksi.

Ni mwezi wa pili sasa na suti imeshamkataa. Dadangu aliifua kwa mkono, akaikunja, akairudisha kwenye boksi lake lenye dirisha na kuiweka juu ya kabati. Ametangaza hauzi wala hampi mtu. Binamu yetu mmoja ana mimba ya miezi mitano, na Jumapili iliyopita alipokuja kuona mtoto aliuliza, kama utani, ile nyeupe iko wapi.